Son House: Mzae wa Blues Aliyesahau Ngoma Zake, Kijana Mdogo Akamfunza Upya

Cheki hii stori. Una ngoma zako, umezitunga mwenyewe, umezirekodi, na mabingwa wawili ambao dunia nzima inawajua walijifunza kwako. Halafu maisha yanakuzungusha. Unaacha gitaa zaidi ya miaka 10. Siku wasee wanakuja kukutafuta tayari wewe ni mzee, unashika gitaa na vidole vinakataa. Ngoma hazikuji. Sasa analetwa kijana wa miwani mizito ambaye hata hakuwa amezaliwa ulipokuwa studio. Anakaa karibu na wewe na kuanza kukuonyesha venye wewe mwenyewe ulikuwa unapiga.

Hii si filamu. Ilimtokea jamaa anaitwa Son House, mmoja wa wazito wa blues ya Marekani, mwaka wa 1964. Na kama uko na gitaa ama kinanda kimelala kwa keja tangu umalize sekondari, kaa chini usome hadi mwisho, kwa sababu inakuhusu.

Mtoto wa kanisa aliyechukia gitaa

Jina lake kamili lilikuwa Eddie James House. Kwa maelezo yake mwenyewe alizaliwa Machi 1902, karibu na kijiji cha Lyon, pale Mississippi. Hiyo sehemu inaitwa Delta: ardhi tambarare, mashamba ya pamba yasiyoisha, na watu weusi waliokuwa wakivunja mgongo kwenye mashamba ya wengine kwa malipo ya kuchekesha.

Budake alikuwa mwanamuziki wa bendi ya familia na pia alipenda chupa. Baadaye akaacha pombe, akawa shemasi. Son alikulia humo, katikati ya muziki na kanisa, na alichagua kanisa. Akiwa na miaka 15 tayari alikuwa anahubiri. Blues kwake ilikuwa muziki wa shetani. Hakutaka hata kuona mtu ameshika gitaa, achilia mbali kulishika yeye.

Kama umelelewa na wazazi waliokuwa wanazima redio ngoma ya kidunia ikianza, unaelewa kabisa hiyo hali.

Kati ya mahubiri alifanya hasla zote: kuvuna pamba, kukusanya moss kwenye miti kule Louisiana, hata kazi ya kiwanda cha chuma. Lakini muziki aliokuwa anaukimbia ulikuwa unamngoja tu.

Gitaa la dola moja na nusu

Karibu 1927, akiwa na miaka kama 25, alipita mahali akasikia jamaa anapiga gitaa akiwa amevaa shingo ya chupa kidoleni, anaiteleza juu ya nyuzi. Ile sauti inalia kama mtu. Son House akasimama. Mhubiri akaishiwa na mahubiri.

Akatafuta gitaa. Alilopata lilikuwa takataka: mgongo umepasuka, nyuzi tano badala ya sita. Alilinunua kwa dola 1.50. Jamaa mmoja wa pale aliyekuwa fundi wa kupiga akalichukua, akaliziba nyuma, akaongeza uzi wa sita, akaliset, kisha akamwonyesha mambo kadhaa. Haikuchukua muda mrefu, Son House akawa anapiga kwenye sherehe za Jumamosi usiku.

Weka hiyo picha kichwani, kwa sababu tutairudia. Gitaa lililokufa lilifufuliwa na mtu aliyejua la kufanya. Gitaa ni mbao, gundi na chuma. Likivunjika unaona penye limevunjika. Mtu akivunjika ni hesabu tofauti.

Jela, kisha studio ya kampuni ya viti

Mwaka wa 1928 mambo yaliharibika. Son House alikuwa anapiga kwenye kilabu cha mashambani, jamaa mmoja akaanza kufyatua risasi ovyo. House akapigwa mguuni, naye akajibu kwa risasi na yule jamaa akafa. Alihukumiwa na kupelekwa Parchman, gereza la shamba lililoogopwa Mississippi nzima, ambapo wafungwa walilima kuanzia alfajiri. Alikaa kama miaka miwili kati ya 15 aliyopewa. Kesi ikaangaliwa tena, akaachiliwa, na hakimu akamwambia ahame hiyo sehemu kabisa.

Akaenda mji mdogo unaoitwa Lula. Huko ndiko alikutana na Charley Patton, staa mkubwa kuliko wote wa blues ya Delta wakati huo, na rafiki yake Willie Brown. Hao watatu wakawa mbogi.

Mwaka wa 1930 Patton aliitwa kurekodi, akawabeba mabeste wake. Walisafiri kwa gari hadi Grafton, Wisconsin, mbali sana kaskazini, kwa kampuni iliyoitwa Paramount. Usichanganye na ile ya filamu. Hii ilikuwa tawi la kampuni ya kutengeneza viti! Walikuwa wanauza makabati ya mashine za santuri, wakaona ni heri wauze na santuri zenyewe.

Son House alirekodi ngoma chache tu, zikiwemo My Black Mama, Preachin' the Blues na Dry Spell Blues. Leo wajuzi wanaziweka kati ya rekodi kali zaidi za blues kuwahi kufanywa. Wakati huo? Hazikuuza. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka Oktoba 1929, na watu weusi wa Mississippi, ambao ndio wangenunua, hawakuwa na doo ya chakula, sembuse ya santuri. Paramount iliacha kurekodi 1932.

Nakala zilizobaki ni za kuhesabika. Mojawapo ya santuri zake, yenye Clarksdale Moan, ilitafutwa na wakusanyaji kwa miaka na miaka, na nakala ikapatikana 2005, miaka 75 baada ya kurekodiwa. Hebu fikiria kazi yako ibaki duniani kwenye sahani moja inayoweza kuvunjika mtu akiikalia.

Wanafunzi walioshinda mwalimu umaarufu

Baada ya Grafton alirudi Mississippi, akawa anaendesha trekta shambani, na wikendi anapiga muziki na Willie Brown. Hapo ndipo kijana mmoja msumbufu alianza kuwafuata. Wakipumzika, kijana anashika gitaa la mmoja wao na kupiga kelele hadi watu wanalalamika. Son House alimfukuza mara nyingi. Kijana akala kona, akapotea kwa muda. Aliporudi na kuomba nafasi, wote waliachwa midomo wazi.

Huyo kijana alikuwa Robert Johnson. Wajua ile hadithi ya msee aliyeuza roho kwa shetani kwenye njia panda ili apige gitaa? Ni yeye huyo. Ukweli ni mwepesi zaidi: alienda kujifua kila siku. Alirekodi ngoma 29 kati ya 1936 na 1937, akafa 1938 akiwa na miaka 27 pekee.

Mwanafunzi wa pili alikuwa Muddy Waters. Akiwa kijana alikuwa anakaa karibu na Son House akipiga, macho kwenye vidole. Mwaka wa 1943 Muddy alihamia Chicago, akachomeka gitaa kwenye umeme, na blues ikabadilika milele. Bendi ya Rolling Stones ilichukua jina lake kutoka kwa ngoma ya Muddy. Kwa hivyo ukiskiza roki yoyote, kuna kidole cha Son House humo ndani mahali.

Mwalimu mwenyewe je? Mwaka huo huo wa 1943 naye alihama, lakini hakwenda penye kuna muziki.

Kuingia mitini Rochester

Kabla hajaondoka, Alan Lomax, aliyekuwa akizunguka kusini na mitambo kurekodi muziki wa watu kwa Maktaba ya Bunge la Marekani, alimpata mara mbili, 1941 na 1942. Son House alipiga vizuri ajabu. Rekodi zikawekwa kwenye makabati ya maktaba. Yeye akapanda treni.

Alienda Rochester, jimbo la New York, mji wa viwanda na baridi kali. Alipata kazi na kampuni ya reli, akawa mhudumu kwenye treni na pia mpishi. Alikuwa na mke, Evie. Ilikuwa kazi ya maana, yenye mshahara kila wiki, kitu ambacho blues haikuwahi kumpa.

Mwanzoni alikuwa bado anagusa gitaa, hasa rafiki yake Willie Brown akimtembelea. Lakini Patton alikuwa ashaaga 1934. Robert Johnson, 1938. Halafu 1952 Willie Brown naye akafa. Kwa maelezo yake baadaye, hapo ndipo moyo ulikufa. Alibaki peke yake, akaacha kabisa. Hata gitaa hakuwa nalo tena.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani kuacha ni kama kuweka kitu kwa rafu. Unadhani utakipata penye ulikiacha. Hapana.

Anza na gitaa lenyewe. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa zinavuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 70. Usiku na mchana. Ukiliacha limekazwa miaka mingi, shingo inapinda polepole, nyuzi zinainuka mbali na mbao, na kubonyeza kunakuwa kama kubonyeza waya wa ua. Mbao inakunywa unyevu wakati wa mvua na kukauka wakati wa jua, hadi gundi inaachia na mgongo unapasuka. Nyuzi zinashika kutu. Kama uko Mombasa, hewa ya chumvi inafanya hiyo kazi haraka zaidi.

Sasa njoo kwa mikono. Sugu za ncha za vidole, zile zinazofanya usisikie uchungu, zinaisha baada ya wiki kadhaa za kutopiga. Misuli midogo ya kiganja inasahau kujinyoosha. Lakini hizo zinarudi mtu akijikaza mwezi mmoja ama miwili.

Kilicho ndani ya kichwa ndicho cha ajabu. Ubongo hauweki ngoma kwenye sanduku moja. Miondoko ya vidole iko pahali pake, maneno pahali pake, na sauti ya ngoma yenyewe pahali pake. Miondoko uliyorudia mara elfu haifutiki kirahisi, ndio maana msee aliyeacha baiskeli miaka 20 bado anapanda na kwenda. Shida ni kuifikia. Ni kama nyumba uliyokulia ambayo bado iko, lakini njia ya kuingia imeota majani na hukumbuki geti liko upande gani.

Son House alikuwa na mizigo miwili zaidi. Alikuwa mtu wa kupiga tei kwa nguvu, miaka mingi. Na mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Vijana watatu na gari la Volkswagen

Mwanzo wa miaka ya 60, vijana wazungu wa vyuo vya Marekani walianza kuchizi na blues za zamani. Walikuwa wanazitafuta zile santuri kama dhahabu. Halafu swali likaja: hawa wasee waliopiga hizi ngoma, wote wamekufa kweli?

Mmoja wa wale wa mwanzo kupatikana alikuwa Mississippi John Hurt, 1963. Alikuwa amerekodi 1928 na kwenye ngoma moja akataja kijiji chake, Avalon. Kijana mmoja akafuata ramani, akauliza dukani, akaonyeshwa nyumba. Mzee yuko hapo, anachunga ng'ombe. Hakuwa na gitaa lake mwenyewe, lakini alipopewa akapiga vizuri tu, karibu kama santuri ya 1928. Kwa nini? Kwa sababu hakuwahi kuacha kabisa. Kwa miaka hiyo yote majirani wakifanya sherehe, alikuwa anaazima gitaa na kuwapigia. Hakuna pesa, hakuna jina, lakini vidole vilikuwa vinapata mazoezi.

Juni 1964, vijana watatu, Dick Waterman, Nick Perls na Phil Spiro, waliingia kwenye Volkswagen na kwenda Mississippi kumtafuta Son House. Huo haukuwa wakati wa utalii. Ulikuwa msimu wa harakati za watu weusi kusajiliwa kupiga kura, na mzungu mgeni mwenye nambari ya gari ya kaskazini alikuwa anatazamwa vibaya. Juni 21, wanaharakati watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walipotea huko huko Mississippi. Baadaye miili yao ilipatikana imezikwa.

Wakiuliza huyu na yule, wale watatu wa Volkswagen wakaambiwa mzae hayuko huko, aliondoka zamani, yuko Rochester. Wakageuza gari na kuendesha hadi kaskazini kabisa. Walimpata kwa nyumba ya kupanga, mtaa wa Greig. Mzee mrefu, mwembamba. Yeye mwenyewe hakuwa na habari kwamba kuna mtu duniani anazijua ngoma zake.

Wakampa gitaa. Na hapo ndoto ikagonga ukuta. Mikono ilitetemeka. Ngoma zilikuja vipande vipande, mstari huku, mstari kule, vidole vikitafuta nafasi na kukosa. Mwanamume aliyemfunza Robert Johnson hakuweza kupiga ngoma zake mwenyewe.

Kijana wa miwani mizito

Hao vijana wangeweza kupiga picha naye, kumshukuru na kwenda zao. Badala yake wakamtafuta Alan Wilson.

Wilson alizaliwa Julai 1943, Massachusetts. Alikuwa kimya, macho mabovu, miwani kama chupa, hadi marafiki wakampa jina la bundi kipofu. Aliacha masomo ya muziki chuoni ili asomee blues kwa njia yake: kuskiza santuri tena na tena hadi ajue kila kidole kilikuwa wapi. Ngoma za Son House za 1930 alikuwa anazijua. Na zile za Lomax za 1942 pia. Kumbuka, zote zilirekodiwa kabla hajazaliwa.

Wakakaa pamoja, gitaa kwa gitaa. Wilson anamskizisha rekodi yake ya zamani. Kisha anapiga: hapa 1930 ulikuwa unafanya hivi, na hapa 1942 ulikuwa umebadilisha ikawa hivi. Son House anaskiza, anaangalia, anajaribu. Mara kitu kinashtuka ndani. Mkono unaenda wenyewe. Mstari mmoja unavuta mwingine, maneno yanafuata vidole, vidole vinafuata maneno.

Waliokuwa karibu walisema hiyo kitu ilikuwa kichekesho na muujiza kwa wakati mmoja: kijana anamfunza Son House namna ya kupiga kama Son House.

Lakini tuweke rekodi sawa, kwa sababu hapa watu hukosea. Wilson hakumpa kipaji. Ungemchukua mzee mwingine yeyote wa miaka 62 mwenye mikono inayotetemeka, umkalishe na Wilson wiki kadhaa, hungepata Son House. Kilichokuwa ndani kilikuwa bado kiko. Wilson alijua tu geti liko upande gani, kwa sababu alikuwa amelizunguka kwa miaka akiwa nje.

Na yule aliyeiacha hiyo ramani alikuwa Son House mwenyewe. Kama hangeingia kwenye gari 1930, kama hangekubali kupigia mitambo ya Lomax, hakuna mtu angeweza kumrudishia chochote. Kazi yake ya ujana ndiyo iliyokuja kumwokoa uzeeni, ikibebwa na mgeni.

Alirudi, lakini si vile alivyoenda

Aprili 1965 Son House aliingia studio ya Columbia, New York. Albamu ikaitwa Father of Folk Blues. Wilson mwenyewe yuko humo, akimsindikiza kwenye ngoma mbili, moja kwa gitaa na nyingine kwa kinanda cha mdomo. Mwaka huo huo mzae alipiga Carnegie Hall na tamasha la Newport. Mwaka wa 1967 akazunguka Ulaya na wazee wenzake, akiwemo Skip James, ambaye naye alikuwa amepatikana hospitalini Tunica, Mississippi, wiki zile zile za Juni 1964.

Sasa chukua simu yako, tafuta rekodi yake ya 1930, halafu ile ya 1965. Skiza moja baada ya nyingine.

Ile ya 1930 ina kasi. Vidole ni vya kijana wa miaka 28, vinaruka, gitaa linasukuma watu wacheze. Ile ya 1965 imepungua mambo mengi ya vidole. Mapigo ni mazito na wazi. Anaburuta kile kipande cha chuma juu ya nyuzi za gitaa lake la chuma kana kwamba anafungua mlango ulioshika kutu. Na sauti imekuwa kubwa kuliko mwanzo, imebeba kila mtu aliyemzika.

Ngoma yake ya Death Letter inaonyesha hilo vizuri. Mzizi wake uko kwenye My Black Mama ya 1930: mtu anapata barua kwamba mpenzi wake amekufa. Akiwa na miaka 28 alikuwa anasimulia. Akiwa na miaka 63, Patton hayuko, Brown hayuko, yule kijana msumbufu hayuko, unasikia mtu ambaye hizo barua zimemfikia kweli.

Na kuna ngoma mbili kwenye hiyo albamu, John the Revelator na Grinnin' in Your Face, ambazo hazina gitaa kabisa. Ni sauti na makofi. Yule mhubiri wa miaka 15 alikuwa bado yuko pale, na yeye hakuhitaji mtu wa kumkumbusha.

Si kila usiku ulikuwa mzuri. Kunywa kidogo kulituliza mikono, kunywa kupita kiasi kuliharibu shoo, na waliomsimamia walikuwa kila mara wanatembea kwenye huo mstari mwembamba. Kuna usiku alisahau penye amefika. Kuna usiku ukumbi mzima ulinyamaza hadi pini ingesikika. Kurudi kulikuwa kazi ya kila siku hadi mwisho.

Mwisho wake

Wilson alirudi kwenye maisha yake na kuanzisha bendi ya Canned Heat. Ikapasua anga. Walipiga Woodstock 1969, na ile sauti nyembamba ya juu unayoisikia kwenye On the Road Again ni ya yule kijana wa miwani. Septemba 1970 alikutwa amekufa akiwa na miaka 27. Umri ule ule wa Robert Johnson.

Mwanafunzi wa kwanza wa Son House alikufa na 27, na huyu wa mwisho, aliyekuwa mwalimu wake pia, akafa na 27. Mzae akabaki.

Alipiga hadi katikati ya miaka ya 70, afya ikakataa, akaacha kwa mara ya pili na ya mwisho. Akahamia Detroit na familia. Alifariki Oktoba 19, 1988, akiwa na miaka 86. Wapenzi wa blues wa Detroit walifanya shoo za kuchanga pesa ili kaburi lake lipate jiwe la maana.

Miaka 12 baadaye, bendi ya mtaa wa huo huo mji wa Detroit, White Stripes, ilirekodi Death Letter kwenye albamu yao ya 2000. Kijana wao wa gitaa, Jack White, amesema wazi kwamba Grinnin' in Your Face ndiyo ngoma anayoipenda kuliko zote.

Na lile gitaa lako?

Litoe leo. Angalia shingo kutoka upande wa kichwa kama unavyoangalia ubao kama umenyooka. Kama imepinda, mpelekee fundi kabla hujalikaza, usilipasue. Toa nyuzi za kutu, weka mpya, bei yake si ya kukuua. Ukijua hutalipiga kwa miezi, legeza nyuzi kidogo na uliweke mbali na jua, ukuta wenye unyevu na joto la mabati.

Siku za kwanza vidole vitauma na utapiga vibaya. Usishtuke. Anza na ngoma moja uliyokuwa unaijua vizuri kuliko zote, polepole, na ikikwama usilazimishe kichwa, wacha mkono utafute. Kama kuna rekodi yako ya zamani kwenye simu mbovu fulani, itafute. Kama kuna msee mlikuwa mnapiga naye, mpigie. Yeye anaweza kuwa anakumbuka sehemu ambayo wewe umesahau.

Na kama hujaacha, jirekodi sasa, hata kama ni kwa simu, hata kama hakuna anayeskiza. Son House alirekodi ngoma ambazo hazikununuliwa, na miaka 34 baadaye ndizo zilimfungulia mlango.